Muhogo wa njano: lishe, unga na mavuno

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu muhogo wa njano, ule unaozalishwa ili kumpa mlaji vitamini A. Nimeyapanga kadiri yalivyonigusa.

Muhogo wa njano unauzidi nini mweupe?

Mzizi mweupe hushibisha, lakini vitamini A hauna, au unayo kidogo mno. Ule wa njano una karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lengo la watafiti wa mbegu ni maikrogramu 15 za karotini katika kila gramu ya muhogo mbichi. Mweupe kwa kawaida hata moja haufiki. Nigeria iliidhinisha aina tatu za kwanza mwaka 2011 na nyingine tatu mwaka 2014. Na mlo wenyewe umepimwa: watoto wa shule za msingi mashariki mwa Kenya walipolishwa muhogo wa njano, kiwango cha vitamini A katika damu yao kilipanda. Hakikupanda sana, lakini kilipanda.

Niliupanda ukazaa vizuri, ila ukichemshwa ni majimaji, hauna unga. Mbegu mbaya?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na watafiti wanalihangaikia kwa miaka mingi. Katika mihogo mingi ya Afrika, rangi ya njano ikikolea, wanga hupungua. Sehemu ya sababu iko kwenye urithi: jeni inayoanzisha utengenezaji wa karotini imekaa kwenye eneo la kromosomu (uzi unaobeba jeni) ambalo pia linahusishwa na kiasi cha wanga, hivyo mmea ukirithi rangi ya njano, mara nyingi hurithi na upungufu wa wanga. Lakini uhusiano huo si sheria isiyovunjika. Katika mihogo ya Amerika ya Kusini, zao hili lilikotoka, uhusiano huo ni hafifu. Kwa hiyo dawa ni kuchanganya wazazi wengi, kuotesha miche kwa maelfu, na kuwasaka wale wachache wenye rangi na unga pamoja.

Kuwatambua hakuhitaji mashine kubwa. Mizizi ya kilo chache huoshwa, ikapimwa kwenye mizani ya kuning'iniza, kisha ikapimwa tena ikiwa imezama majini. Yenye wanga mwingi hubaki na uzito mkubwa zaidi ndani ya maji, na kutokana na tofauti ya vipimo hivyo viwili unakokotoa uzito mkavu, yaani sehemu ya mzizi inayobaki maji yakiondolewa. Chini ya asilimia 30, wapishi wengi wataukataa. Nami nasema wana haki: karotini iliyo kwenye muhogo usiolika haimfikii mtoto yeyote.

Kabla hujaing'oa mbegu yako, jiulize ulivuna lini. Mvua zikianza baada ya kiangazi kirefu, mmea huchota wanga wa mizizi ili uchipue majani mapya, na hata aina nzuri huwa majimaji kwa wiki kadhaa.

Mbona aina mpya huchukua miaka minane hadi kumi?

Kwanza, maua. Muhogo huchanua pale unapotoa matawi, na aina nyingi zilizonyooka vizuri, ambazo wakulima huzipenda, huchelewa kutoa maua au hazitoi kabisa. Siku hizi watafiti huwasha taa nyekundu usiku shambani ili kuharakisha maua. Tunda moja likipatikana lina mbegu tatu tu, na kila mbegu ni mmea tofauti na wenzake, kwa kuwa wazazi wenyewe wamechanganyika. Mche mmoja hutoa vipando vichache, kwa hiyo miaka hupita kabla hujapata vya kutosha kujaribu mashamba mengi. Mradi wa NextGen Cassava, ulioanza mwaka 2012 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ulitumia DNA ya mmea ukiwa bado mchanga kukadiria ubora wake, na hapo ndipo muda unapookolewa.

Je, naweza kuagiza vipando vya njano kutoka Afrika Magharibi?

Usifanye hivyo. Aina zile zilichaguliwa zihimili ugonjwa wa batobato, lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaotesa mihogo ya Afrika Mashariki haukuwapo kule zilikochaguliwa. Nao ni msiri: majani yanaweza kuonekana ya kawaida, ukikata mzizi unakuta madoa makavu ya kahawia, na sehemu hiyo hailiwi. Isitoshe, vipando hubeba virusi. Aina zile hupaswa kwanza kuchanganywa na zinazostahimili michirizi, na kazi hiyo ni ya vituo vya utafiti.

Ni GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara?

Hapana. Muhogo huu wa njano umetokana na uchavushaji wa kawaida. Waliotumia uhandisi jeni ni wale wanaotafuta madini ya chuma na zinki. Matokeo yao ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba inawezekana. Wamelazimika kupita njia hiyo kwa sababu chuma katika mizizi ya muhogo wa asili ni kidogo, na tofauti kati ya aina na aina haitoshi kuchagulia.

Nikiupika, vitamini inabaki?

Ukichemsha, sehemu kubwa inabaki. Ukianika juani, ukasaga na kuweka unga miezi, inapotea nyingi. Kula na mafuta kidogo, maana karotini hufyonzwa vizuri palipo na mafuta.

Njano maana yake hauna sumu?

Rangi haisemi lolote kuhusu sayanidi, ile sumu ya muhogo. Kuna wa njano mtamu na wa njano mchungu, kama ilivyo kwa mweupe. Ukionja uchungu, usiule ukiwa mbichi wala kuuchemsha juu juu. Uloweke siku kadhaa hadi ulainike, kisha uukaushe vizuri. Kiwango salama kinachotambuliwa kimataifa ni miligramu 10 za sayanidi kwa kilo ya unga.