Utrasaundi ya tumbo kuwa safi haiondoi insulinoma

Kuna aliyeuliza kuhusu mama anayehisiwa kuwa na insulinoma, yaani uvimbe wa kongosho unaotoa insulini nyingi hadi sukari ya damu inashuka: utrasaundi ikiwa safi, ndo hana? Hapana, utrasaundi ya kawaida ya tumbo kusema kongosho iko safi haimaanishi huyo mama hana insulinoma. Nipo radiolojia na hivi vivimbe vingi havifiki hata sentimita 2, halafu kongosho imejificha nyuma ya tumbo la chakula na utumbo wenye gesi, kwa hiyo mawimbi hayapiti vizuri.

Kinachoanza ni damu, sio picha: sukari, insulini na si-peptaidi (kipande kinachotoka pamoja na insulini mwili ukiitengeneza wenyewe) vipimwe wakati sukari imeshuka, mara nyingi kwa kufunga kula hospitalini hadi saa 72. Zikithibitisha, ndo anapigwa siti skani ya kongosho yenye dawa ya mshipani, na picha zichukuliwe mapema dawa ikiwa bado kwenye ateri, maana uvimbe huu una damu nyingi na unang'aa kwa sekunde chache tu, ukichelewa unafanana na nyama ya jirani. Isipoonekana kuna MRI, au utrasaundi ya ndani inayopitishwa mdomoni kwa endoskopi hadi karibu kabisa na kongosho, hiyo inaona vidogo sana ila uvimbe ulio mkiani mwa kongosho inaweza kuukosa.

PET ya galiamu DOTATATE (skani inayotumia dawa ya mionzi inayojishika kwenye uvimbe) ni nzuri kwa vivimbe vingine vya homoni kama gastrinoma (unaofanya tumbo litoe asidi nyingi), lakini insulinoma nyingi hazishiki hiyo dawa vizuri, PET yenye dawa ya exendini ndo inazipata zaidi, shida haipatikani kirahisi. Wakati wa kufunga asiachwe nyumbani tafadhali, sukari ikishuka sana anaweza kupata degedege.