Barua za Waendesha Baiskeli: Aliye Dhaifu Akae wa Pili

Kiangazi kimeingia Lubumbashi, udongo mwekundu umeanza kupanda mpaka kwenye madirisha, na barua zimeongezeka. Ndivyo inavyokuwa kila mwaka: mvua zikikatika, watu wanateremsha baiskeli kutoka ukutani na maswali yanaanza. Kurasa ni chache, kwa hiyo nimechagua barua tano. Nyingine nitazijibu kibandani, mwenye barua akipita.

*Baba Fundi, jambo. Niko na kinga ya Chine, yaani baiskeli ya Kichina, ile nzito ya magurudumu ya inchi 28, aliniachia baba mdogo. Haina vitesi (gia). Kila Jumapili nafuata kundi la vijana wenye kinga za mashindano. Tunaanza pamoja pale Poste, katikati ya mji, lakini tukishapita nyumba za mwisho njia ya Kipushi, wananiacha. Nikifika, wao wameshakunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, wanageuza kurudi. Niuze hii nitafute ya mashindano? Aksanti. (G., Katuba)*

Mwanangu G., usiuze. Baiskeli yako inatosha kabisa kwa safari hiyo, na nitakuonyesha kwa hesabu ili uwaonyeshe na wenzako.

Hesabu meno yanayoshika mnyororo. Ukikuta 44 mbele na 18 nyuma, basi mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita tano na nusu. Ukizungusha mara 65 kwa dakika, kazi ambayo kijana mzima anaifanya huku anaongea, unakwenda kilomita 21 kwa saa. Ukifikisha 80, unagusa 26. Kipushi ni kilomita 30 hivi na njia yake si ya milima. Kundi linalotoka Jumapili kujifurahisha linataka zaidi ya 21 kwa saa kwa sababu gani? Nani anawasubiri kule na saa mkononi?

Sasa upepo, maana huo ndio unaokumaliza, kuliko uzito wa chuma. Anayekaa nyuma ya mwenzake, gurudumu karibu na gurudumu, anapunguziwa kazi kwa robo, pengine hata theluthi. Anayeachwa mita ishirini nyuma hapati kitu. Yaani wakishakuacha kidogo tu, unafanya kazi kubwa kuliko wao wote, tena juu ya baiskeli nzito kuliko zao zote. Ndiyo maana pengo likifunguka halifungiki tena, hata ukijiua.

Kiangazi upepo wetu unatoka kusini-mashariki. Njia ya Kipushi inaelekea kusini-magharibi, kwa hiyo wakati wa kwenda unakupiga ubavu wa kushoto, na kivuli cha upepo kinaangukia nyuma ya mwenzako, upande wake wa kulia. Hapa kwetu tunapita kulia, kwa hiyo kulia kwetu ni ukingo wa lami. Kiongozi akibana ukingo, anayemfuata hana pa kujificha isipokuwa kwenye mchanga. Kiongozi mwenye akili anaacha nafasi ya gurudumu moja kulia kwake, basi, si zaidi, kwa sababu ya malori. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: kivuli kiko kushoto, upande wa magari. Hapo msikitafute. Nyookeni mmoja nyuma ya mwingine na mvumilie upepo. Malori yanayotoka Zambia na Afrika Kusini yana usukani upande wa kulia. Dereva anauona ukingo vizuri lakini haoni kinachokuja mbele mpaka amechungulia na lori lote. Akishtuka, anarudi kulia, na kulia ndipo mlipo ninyi.

Katika kundi ninalotembea nalo kuna desturi tuliyoikuta kwa wakubwa wetu: aliye dhaifu anakaa wa pili, nyuma ya mwenye mabega mapana kuliko wote. Wa mwisho anakuwa mtu mwenye nguvu, ndiye anabeba pampu. Anayefunga msafara akiona pengo, anapiga mluzi mara mbili, na mbele wanashusha mwendo bila kuuliza. Hakuna anayetamka neno "pole" wala "jitahidi". Mwendo unashuka tu.

Jumapili ijayo usiwafuate kimya. Kabla hamjaondoka Poste, sema mbele ya wote: "Leo nakaa wa pili." Wakikataa, hilo ni kundi la mashindano na lina haki yake, lakini si lako. Njoo Katuba, uulize kibanda changu.

*Fundi, mnyororo wangu unaruka nikisimama juu ya pedali. Na mafuta napaka kila siku, yale machakavu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari. (Mwalimu, Kampemba)*

Mwalimu, hayo mafuta yana unga wa chuma tayari, na vumbi la kiangazi linanata humo humo. Unasaga mnyororo kila unapopanda. Pangusa kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta mapya kwenye kila kiungo, subiri, kisha upanguse tena nje mpaka kitambaa kitoke karibu safi. Halafu upime. Kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, nafasi 24, mnyororo mpya una milimita 305. Ukipata 307, badilisha. Ukipita 308, meno ya nyuma nayo yameliwa, na mnyororo mpya utaruka vilevile. Itabidi ununue vyote viwili.

*Baba Fundi, sisi tunatoka asubuhi njia ya Kasenga. Kila mara tunakutana na watu wa makala (makaa ya kupikia), wamejaza magunia mpaka wao hawaonekani, wanaziba njia. Tunapiga kengele, hawasogei. Mwenzetu karibu aanguke. Kwa nini hawaheshimu waendesha baiskeli wengine? (P., Bel-Air)*

Ndugu P., nimeisoma barua yako mara mbili ili nisikujibu kwa hasira.

Makala yaliyowashwa kwenye mbabula (jiko la makaa) ya kwenu jana, bukari (ugali) ikaiva, yalikuja mjini juu ya baiskeli kama hiyo. Yalichomwa mbali, huko misitu ya miombo ilikobaki, na mtu akaondoka nayo usiku ili awahi wanunuzi asubuhi. Ninyi mnatoka kutembea. Yeye yuko kazini, na ameianza kazi hiyo mkiwa bado mmelala.

Siku nyingine simama uitazame ile baiskeli. Uma wa mbele umeongezewa vyuma vya ujenzi, vimechomelewa pande zote mbili. Nyuma kuna karia ya vyuma hivyo hivyo. Magunia yamesimamishwa, midomo yake imezibwa kwa nyasi na kushonwa kwa kamba. Mara nyingi kuna fimbo imefungwa kwenye usukani, kwa sababu akisukuma mkono wake haufiki. Freni ni ya upande mmoja au hakuna. Kwenye mteremko anaegemea nyuma kwa mwili wote na kusugua soli ya kiatu kwenye tairi.

Sasa unampigia kengele asogee. Asogee wapi? Ukingo wa lami umeliwa na mvua, pengine kuna kidato cha kiganja kizima kati ya lami na udongo. Gurudumu lake la mbele likishuka hapo, mzigo wote unalala, na peke yake hawezi kuuinua. Anakusikia vizuri sana. Hawezi.

Kwa hiyo punguza mwendo ukiwa bado mbali. Msalimu kwa sauti: "Jambo baba, tunapita kushoto." Kama kuna gari mbele, ngoja nyuma yake. Kiangazi kilichopita, njia hiyo hiyo ya Kasenga, tulimkuta mmoja amekaa chini na mpira wa ndani mkononi, umechanika penye shina la valvu. Mahali pale kiraka hakishiki. Sisi tulikuwa na mpira wa 28 kwenye mfuko, tunaubeba kwa ajili ya watu kama yeye, kwa kuwa wengi wetu tunatumia saizi nyingine. Hatukushusha magunia, maana kuyafunga upya kunachukua asubuhi nzima. Watu wanne tuliinua nyuma, tukashikilia. Yeye akavua tairi kwa vidole gumba tu, bila chuma, akapitisha kiganja ndani ya tairi polepole akitafuta mwiba, akautoa kwa meno. Alipomaliza kujaza pumzi hakuminya tairi kama tunavyofanya. Aligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akaongeza kidogo, akagonga tena, akaridhika.

Tulikataa malipo. Basi akamtazama kijana mmoja wetu, mwenye baiskeli ya bei, akamwambia ashuke. Akalegeza boliti ya kiti, akakipandisha karibu upana wa vidole vitatu, akakaza. "Goti litakuuma ukikaa chini hivyo," alimwambia. Kijana yule alikuwa amelalamika goti tangu mvua zianze, na sisi wote, pamoja na mimi ninayeitwa fundi, tulikuwa tunamwambia apumzike! Siku hizi hasemi goti tena.

Ndugu P., unauliza kuhusu heshima. Nunueni mpira mmoja wa 28, viraka na gundi, mviweke kwenye mfuko wa kundi. Ndani ya mwezi mmoja mtajulikana njia nzima ya Kasenga, na nani anazibwa njia na mtu anayemfahamu?

*Baba, binti yangu wa miaka 14 anataka kutoka na kundi la kinga la mtaani. Mimi sikatai, lakini majirani wanasema msichana akipanda kinga anaharibika, hatazaa. Nifanye nini? (Mama wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi)*

Mama, kiti cha baiskeli hakizuii mtu kuzaa. Kina mama wa vijijini wanaoleta mihogo na unga juu ya baiskeli wana watoto, majirani zako wanawaona kila siku ya soko.

Mwezi wa tisa mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Wanawake walikimbia zaidi ya kilomita 160 kwenye vilima vile, na aliyeshinda ni Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wengi hawakumtaja kabla ya siku hiyo. Mwambie binti yako jina hilo. Mwambie pia kwamba kati ya waliokuwa barabarani wakishangilia walikuwamo wasichana wa rika lake.

Maswali yako yawe haya: kundi linaongozwa na nani, wanarudi saa ngapi, kuna mwanamke mwingine au la? Mwite kiongozi nyumbani, akae, anywe chai, akuambie njia wanayopita. Kiongozi asiyetaka kufika kwa wazazi, usimpe mtoto. Na kofia ngumu ni lazima, hata ya mitumba, mradi haina ufa.

*Baba Fundi, tuko kundi la Ruashi. Rafiki yetu aliuza kinga yake mwezi wa pili, mtoto wake alipolazwa hospitalini. Mtoto amepona, Mungu asifiwe. Lakini yeye haji tena, na akituona kwa mbali anakata njia nyingine. Tumsaidie namna gani bila kumtia haya?*

Wanangu, barua hii nimeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo niliyoifikiria kuliko zote.

Waende wawili tu. Mkienda kumi mtakuwa kama watu wa kilio. Wachukue sukari na mikate kwa ajili ya mtoto, maana mtoto ndiye aliyeumwa, na kumtembelea mgonjwa aliyepona hakumtii mtu haya. Siku hiyo msitaje baiskeli. Mkitoka, mwambieni tu kwamba Jumapili mnapita mbele ya nyumba saa kumi na mbili na nusu, na mpite kweli, msalimiane, muendelee. Jumapili inayofuata pia.

Kisha likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu. Najua mnayo, kundi gani la Lubumbashi halina? Msimpe zawadi ya baiskeli. Zawadi ya namna hiyo atashindwa kuipanda mbele yenu. Fungueni mzunguko mpya, kila mtu kiasi kilekile, na zamu ya kwanza iwe yake. Atapokea kapu lote mwezi huu, halafu ataendelea kuchangia kila mwezi mpaka wa mwisho wenu naye apokee. Hapo hadaiwi shukrani na mtu. Ni mwanachama aliyepata zamu yake, na zamu lazima ianze kwa mtu fulani. Kama mwezi mmoja mkono wake ni mfupi, mweka hazina azungumze naye peke yake, kwa sauti ya chini, kama mnavyofanya kwa wengine.

Fedha hiyo isiishie kwenye baiskeli mpya ya dukani. Inunue fremu nzuri iliyotumika na rimu mbili zilizonyooka. Vingine vimelala chini ya vitanda vyenu: kiti, pedali, usukani, mnyororo wenye uhai. Kila mmoja alete alichonacho, na yeye awepo siku ya kuifunga, ashike spana mwenyewe. Sehemu ya katikati, pale mikono ya pedali inapopita, nitaifunga mimi bila malipo. Mniletee golori (vile vipira vya chuma) 22 za robo inchi, kumi na moja kila upande, zisizo na kutu.

Na fremu ije kwangu kabla hamjaipaka rangi. Nyufa hujificha chini ya rangi, hasa pale bomba la chini linapoungana na la mbele, na mtu wa Ruashi anabeba watoto na unga juu ya baiskeli yake katikati ya wiki. Niko kibandani siku za kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Hata Jumatatu hii.