Mnafu wa Bibi, Kikohozi cha Mjomba

Nimelelewa na bibi mzaa mama, kijijini huko Mufindi. Mvua za Desemba zikishakolea, nyumba yetu ilikuwa hainunui mboga. Bibi anabeba kikapu, mimi nafuata nyuma, tunaingia kwenye mahindi kuchuma vile ambavyo wengine waling'oa kwa jembe na kutupa: mnafu, mchicha pori, mashona nguo. Jirani akituona anaitikia salamu ya "kamwene" huku anacheka, eti tunampalilia bure.

Sasa naishi Mbeya mjini, na wanaojua nilikotoka huniomba niwaelekeze "dawa za asili". Jibu langu huwa linawakatisha tamaa. Dawa za bibi zilikuwa chache mno. Alichokuwa nacho tele ni mboga, na alijua kuzipika. Kwa hiyo naanzia jikoni.

Mnafu (watu wa pwani wanasema mnavu) chuma ncha changa, na vile vitunda vya kijani viache. Mimi nililijua hilo kwa aibu. Mwaka wa kwanza wa ndoa walikuja wakwe, nikachuma kwa haraka, nikapika majani na vitunda vyake. Usiku ule mlango wa choo haukufungwa. Vitunda vibichi vina sumu inayoitwa solanini, na kuchemsha hakuimalizi. Bibi alipopata habari hakunipa pole, aliuliza tu: "Wewe kikapu ulikuwa unanibebea ukiangalia wapi?"

Kwenye kupika, chemsha maji kwanza ndipo utie majani, dakika chache tu. Kama uchungu unakushinda mwaga maji hayo. Maji ya mashona nguo kwangu lazima yamwagwe. Kisha kaanga kitunguu na nyanya, rudisha mboga, malizia na karanga za kutwanga au maziwa. Magadi ya kulainishia sitii, yanaharibu vitamini C, na majani machanga hayahitaji kulainishwa. Karanga si mapambo: vitamini A iliyomo kwenye majani inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Bibi hakujua habari za vitamini, lakini mboga isiyo na karanga aliita chakula cha mbuzi. Za kiangazi alikausha, na alianika kivulini, kwa sababu juani zinapoteza rangi. Kumbe na hiyo vitamini A inakwenda na rangi.

Kuna jambo moja ambalo bibi hakulazimika kuliwaza. Siku hizi wakulima wengi hawapalilii kwa jembe, wanapuliza dawa ya kuua magugu, na magugu ndiyo mboga yetu. Majani yaliyopulizwa jana bado yanaonekana mabichi kabisa. Sichumi shamba la mtu bila kumuuliza amepuliza lini, na akisitasita napita. Kando ya barabara kuu ya Tunduma sichumi kabisa, kwa sababu ya vumbi na moshi wote ule wa malori. Sokoni nako namuuliza mama muuzaji mnafu umetoka wapi. Wengine wananiona msumbufu.

Sasa dawa. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu si ya mchezo, na kila nyumba ina sufuria la mchaichai na tangawizi. Napenda, nakunywa, koo linalainika. Asali naongeza, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja simpi hata ya kuonja, inaweza kumletea sumu mbaya ya tumboni. Majani ya mkaratusi tunajifukizia. Mwaka 2020 nchi nzima ilipiga nyungu, na mtoto wa binamu yangu aliungua mapaja sufuria lilipopinduka ndani ya blanketi. Tangu hapo mtoto haingii kwenye nyungu nyumbani kwangu, na mtu mzima anakaa mezani, sufuria likiwa mbele yake, si katikati ya miguu.

Lakini kilichonibadilisha ni mjomba. Alikohoa kuanzia kiangazi mpaka mvua zikaanza. Tulimpa kitunguu saumu, tukampa tangawizi, mtu akaleta mizizi kutoka Makete. Kila dawa ilimpa nafuu ya siku mbili, na hizo siku mbili ndizo zilizotuponza, maana tulikuwa tunasema "inafanya kazi, tumwongezee". Alipopelekwa kupimwa makohozi ilikuwa kifua kikuu. Dawa zake ni bure, alizimeza miezi sita akapona, lakini kilo alizopoteza hazijarudi zote, na wajukuu wawili waliolala chumba chake nao ilibidi wapimwe. Kikohozi kikifika wiki mbili, chai iendelee kama mgonjwa anaitaka, ila aende akapime.

Pakanga, ule mmea mchungu ambao watu wanachemsha majani yake kwa ajili ya malaria, nayo naulizwa sana. Ndugu yake mmoja ndiye anayetoa artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria, kwa hiyo watu wanaona ni kitu kilekile. Kikombe chako cha majani hakina kipimo, leo kikali kesho chepesi, na malaria haingoji. Hasa sisi tuliokulia kwenye baridi, tukishuka Kyela kwenye joto mbu wanatukuta hatuna kinga. Homa ikianza baada ya safari hiyo, pima kwanza. Mjamzito asinywe pakanga. Na mama yangu anayemeza vidonge vya presha nilimwomba amwambie daktari kuhusu ile chai yake ya majani ya parachichi. Alisita, akidhani atafokewa. Daktari aliandika tu kwenye karatasi na kumpangia siku ya kupimwa tena.

Chikanda sichimbi wala sinunui, ingawa najua utamu wake ukichanganywa na karanga. Ni viazi vya maua ya okidi, ukichimba kiazi mmea umekufa. Kitulo, ile Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na bado viazi hivyo vinachimbwa nyanda za juu na kuvushwa Tunduma kwenda Zambia.

Mnafu ni rahisi zaidi, mbegu unajiwekea mwenyewe. Acha mashina mawili yakomae, vitunda viwe vyeusi. Vikamue kwenye bakuli la maji, nyama ielee, mbegu zitue chini. Mwaga, suuza, anika kivulini juu ya gazeti. Mimi nachanganya na jivu kidogo na kufunga kwenye kitambaa, kama bibi. Za mwaka huu ziko juu ya kabati, zinasubiri mvua.