Mwalimu bora wa uhandisi mtamjuaje? Kwa wadogo zangu mnaoanza chuo

Wadogo zangu mnaotoka Tabora, Urambo, Kaliua na hata Kigoma kwenda kuanza uhandisi, iwe Dar es Salaam au Mbeya, hongereni. Kila semista ikielekea mwisho mtaletewa fomu ya kumtathmini mhadhiri. Wengi huijaza harakaharaka, alama ileile toka juu mpaka chini, wakarudi kwenye madesa yao. Naomba ninyi msifanye hivyo.

Mimi ni mtu wa maji hapa Tabora, na kila mwaka napokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Maji tunayotumia mjini siku hizi yanasukumwa kutoka Ziwa Victoria, yanapita Nzega hadi kutufikia, kwa hiyo msuguano ndani ya bomba kwetu ni suala la kila siku. Kila anayeripoti huwa namuuliza swali moja: mtiririko ukibaki uleule, ukaweka bomba lenye kipenyo nusu ya lile la kwanza, presha inayopotea kwa msuguano itaongezeka mara ngapi?

Kuna anayekimbilia simu kutafuta fomula. Kuna anayejibu mara mbili, tena kwa kujiamini. Halafu kuna yule anayetulia kidogo, anaanza kuongea mwenyewe: eneo limepungua mara nne, kwa hiyo kasi imepanda mara nne, upotevu hufuata mraba wa kasi, yaani 16, na kwa kuwa kipenyo chenyewe kimekuwa nusu, zidisha tena kwa mbili. Mara 32, kama kigezo cha msuguano hakijabadilika. Huyo wa tatu namuuliza nani alimfundisha haidroliki, somo la mwendo wa maji. Si ajabu nikatajiwa jina lilelile nililotajiwa mwaka uliopita na mwanafunzi mwingine kabisa.

Nikiwadadisi anavyofundisha, maelezo yao yanafanana. Anatoa swali kabla ya kutoa fomula. Kila mtu anachagua jibu, anamgeukia jirani yake wabishane, ndipo hesabu inafanywa ubaoni. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, aliitangaza njia hii miaka ya 1990 baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walimudu hesabu za mtihani huku wakishindwa maswali mepesi ya dhana. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za madarasa ya sayansi, uhandisi na hisabati. Mwalimu alipohutubia tu, walifeli kama asilimia 34. Wanafunzi waliposhirikishwa, kama asilimia 22. Tofauti hiyo ni watu waliobaki chuoni badala ya kurudishwa nyumbani.

Sasa hapa muwe makini, maana hisia zenu zinaweza kuwapoteza. Utafiti mwingine uliofanyika Harvard, uliochapishwa 2019, uliwakuta wanafunzi walioshirikishwa wamejifunza zaidi, lakini wao wenyewe wakaona wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mtamu. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo ni rahisi kuudhania kuwa ni kutoelewa. Huko Marekani tena, Scott Carrell na James West walifuatilia wanafunzi wa chuo cha jeshi la anga. Katika matokeo yao ya 2010, walimu waliopewa alama za juu kwenye fomu hawakuwa wale ambao wanafunzi wao walifanya vizuri kozi zilizofuata. Kwa hiyo mhadhiri anayewachosha kwa maswali, msimwadhibu kwa fomu. Na mhadhiri akiwa mwanamke, jiulizeni mara mbili kabla ya kumshusha alama: tafiti za Ufaransa na Marekani zimeonyesha wanawake wakipewa alama pungufu bila kuwa wamefundisha vibaya.

Kwangu mimi kipimo cha kweli ni kozi inayofuata, na baada ya hapo kazini. Ukifika mwaka wa pili ukaona ya mwaka wa kwanza yanakujia yenyewe, mtaje aliyekufundisha.

Namna ya kumtaja ina uzito wake. Vyuoni, kupanda cheo kunategemea sana machapisho. Makala ya utafiti inabaki kwenye maktaba, lakini kipindi kizuri cha Jumanne asubuhi hakiachi karatasi yoyote msipoiandika ninyi. Ukiandika "yuko vizuri sana, Mungu ambariki", kamati haina pa kushika. Andika kilichotokea. Kijana mmoja aliyepita kwetu alinisimulia jinsi mwalimu wao alivyowakabidhi pampu ya maabara iliyokuwa ikinguruma kama imemeza kokoto, akakataa kuwaambia ina nini. Walibadilisha mafuta, wakakaza nati, kelele ipo palepale. Mwishowe wakapima presha upande wa kufyonza, wakaikuta iko chini mno: maji yalikuwa yanageuka mvuke na viputo vinapasukia ndani ya pampu. Wakafungua vali iliyokuwa imebanwa, kelele ikaisha. Nikamwambia aandike hayohayo, pamoja na jina la kozi na semista. Sentensi nne zinatosha.

Andikeni pia yanayoonekana madogo: karatasi za jaribio zilirudi baada ya muda gani, zilikuwa na maelezo au alama tupu, dada zenu karakana walishika mashine au waliachiwa kuandika ripoti.

Mkishahitimu, msidhani nafasi imepita. Ukiwa na mwaka au miwili kazini, pengine hapa kwenye reli ya Tabora–Kigoma au kwenye miradi ya maji, mwandikie barua mkuu wa idara. Taja kozi, mwaka uliosoma, kazi uliyoifanya na jinsi somo lile lilivyokusaidia kuifanya. Nakala mpelekee mwalimu mwenyewe, aiweke kwenye faili lake siku atakapoomba kupandishwa.