Maswali na Majibu: Jukwaa la API Halitakusomea HTTP

Swali: Nianze kujifunza jukwaa lipi la kuunganisha programu kupitia API (njia ambayo programu moja huiomba nyingine data au kazi) kati ya Zapier, Make na n8n?

Swali hili huja kila mara, na wanaoliuliza karibu wote hawasemi wanataka kuunganisha nini na nini. Anza na HTTP, yaani kanuni ambazo programu hufuata kutumiana maombi na majibu kwenye wavuti. Asiyejua kwamba namba ya jibu 401 humaanisha seva haijamtambua, na 403 kwamba inamkatalia, atakwama katika majukwaa yote matatu, tena mahali pale pale. Ukishaweza kutuma ombi mwenyewe na kulisoma jibu lake la JSON (data iliyopangwa kama maandishi), chagua unalopenda. Anayetaka kuliendesha kwenye seva yake mwenyewe ataweza kufanya hivyo kwa n8n.

Swali: Tunapata kosa la 429 kila usiku. Je, seva ya upande wa pili ni mbovu?

Si mbovu, inakueleza kwamba umezidisha maombi. Namba hiyo imekuwamo katika RFC 6585, waraka wa viwango vya intaneti, tangu mwaka 2012, na jibu lake linaweza kubeba kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia ujumbe) cha Retry-After kinachotaja muda wa kusubiri. Kisome kabla ya kuniandikia.

Swali: Mteja ametozwa mara mbili kwa ununuzi mmoja, ingawa jukwaa linaonyesha kuwa ombi la kwanza lilishindwa. Kosa ni la nani?

Ni la aliyesanidi, na ninaogopa ni wewe. Muda wa kusubiri ulipokwisha, jukwaa lilichojua ni kwamba halikupata jibu, basi. Ombi lingeweza kuwa limefika, fedha zikakatwa, kisha jibu likapotea njiani. Likajaribu tena, na malipo yakafanyika upya. Kujaribu tena hakuna madhara unaposoma data, lakini unapohamisha fedha ni lazima kila muamala uwe na utambulisho wake wa pekee. Stripe, huduma ya malipo ya mtandaoni, kwa mfano, hupokea kichwa cha Idempotency-Key, na ombi la pili lenye ufunguo ule ule hurudishiwa matokeo ya lile la kwanza. Ufunguo huo uundwe mara moja tu, kabla ya jaribio la kwanza, na uhifadhiwe, kwa sababu nimewaona wanaouzalisha upya katika kila jaribio, kisha wakashangaa kuwa tatizo liko pale pale. Na kwa kuwa hujauliza, nitaongeza: taarifa unazosukumiwa na mifumo mingine nazo huweza kuja zaidi ya mara moja, hivyo hifadhi namba ya kila tukio na upuuze lililokwisha kushughulikiwa.

Swali: Je, ninaweza kuandika ufunguo wa siri wa API (nywila ya programu) ndani ya msimbo wakati wa majaribio tu?

Hapana. Na kama tayari umeuingiza kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, kisha ukaufuta, bado umo katika historia. Ubatilishe leo na uchukue mwingine.

Swali: Mwajiri anataka kazi zote za uunganishaji zihamie kwenye jukwaa lisilohitaji msimbo. Nikubali?

Kubali zile za hatua mbili au tatu. Mtiririko wenye matawi mengi na masharti yaliyofichwa ndani ya visanduku ni programu kama programu nyingine, isipokuwa ni vigumu zaidi kuijaribu na kuikagua. Kabla ya kuhamisha chochote, muulize mwajiri kama mtiririko unaweza kutolewa kuwa faili na kutunzwa kwenye Git, na ni nani atakayepokea taarifa utakapokwama usiku wa manane.