Kebo ya Spidometa Katika Magari ya Jeshi ya Zamani: Maswali na Majibu

Swali: Mhariri, marehemu baba mdogo aliniachia Land Rover Series IIA aliyoinunua kwenye mnada wa magari ya jeshi, nami huiendesha kati ya Njoro na Nakuru mjini. Mshale wa spidometa hautulii. Nikienda maili 20 kwa saa unaruka hadi 40 kisha unaanguka, na asubuhi husikia mlio kama wa panya nyuma ya dashibodi. Fundi mmoja ananiambia nibadilishe spidometa nzima, mwingine anataka kumimina oili ya injini ndani ya kebo kutoka juu. Nimsikilize yupi? (Msomaji, Njoro)

Jibu: Kwa sasa usimsikilize yeyote. Ndani ya spidometa hiyo mna sumaku inayozungushwa na kebo, nayo huvuta kikombe chembamba cha alumini bila kukigusa. Kikombe hicho, kinachozuiwa na springi nyembamba kama unywele, ndicho kinachobeba mshale. Waya wa ndani wa kebo ukikwama kidogo hujisokota, kisha hufyatuka, na mshale huruka pamoja nao. Mlio wa panya ni wa waya huohuo unaposugua ala yake, yaani mfuko wa nje wa kebo, bila grisi. Ukitaka kuhakikisha kwamba spidometa yenyewe ni nzima, ifungue kutoka kwenye kebo, uingize kipande cha waya chenye ncha ya mraba mahali pake na ukizungushe haraka kwa vidole: mshale ukiinuka na kurudi kwa ulaini, fedha zako zibaki mfukoni.

Baada ya hapo fungua ncha zote mbili za kebo, ya nyuma ya dashibodi na ya chini, iliyofungwa kwenye giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa ekseli mbili. Vuta waya wa ndani, uoshe kwa mafuta ya taa pamoja na ala, kisha uache vyote vikauke kabisa. Usishangae ukiona tope jeusi likitoka, kwa maana vumbi la Nakuru likichanganyika na grisi ya miaka mingi huwa kama msasa. Shika waya kwa ncha zake mbili, uuache uning'inie katikati, na uzungushe ncha moja polepole kwa vidole. Ncha ya pili ikifuata sawasawa, waya ni mzima. Ikisita halafu ikaruka, waya umepinda, na hakuna grisi itakayouponya. Tafuta waya mpya wa ndani wenye urefu uleule, ila ala ya asili uihifadhi ikiwa haijapondwa, kwa kuwa ndiyo inayolipatia gari la jeshi sura yake.

Sasa tufike kwenye oili ya injini. Miaka kadhaa iliyopita gereji moja ilinifanyia hivyo hivyo, na kwa majuma machache gari lilitulia vizuri. Kisha nikaona doa la kahawia likitambaa chini ya kioo cha spidometa, na mshale ukaanza kunata. Waya huo umesokotwa kama parafujo, hivyo unapozunguka unaweza kupandisha mafuta hadi kwenye sumaku. Tumia grisi laini, nayo uipake kidogo tu, kwa vidole, kuanzia upande wa giaboksi. Grisi nzito ya beringi haifai, maana katika baridi ya asubuhi huganda na mshale hutetemeka mpaka ipate joto. Ukisharudisha waya ndani, uvute tena nje kwa juu kama sentimita 20, ufute grisi yote iliyozidi, kisha uusukume mahali pake. Upande wa spidometa uchomoze karibu milimita 10 nje ya ala. Ukikuta kebo imelowa oili ya giaboksi ilhali hukuipaka, sili ya chini, inayozuia oili ya giaboksi isivuje, imechoka, na itakupasa kuibadilisha kwanza.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza ni njia inayopitia kebo. Pindo lolote liwe na nusu kipenyo kisichopungua sentimita 15, na ala isiguse bomba la moshi, kwani joto huyeyusha grisi yote. Rudia kupaka grisi kila baada ya maili 10,000 hivi.

Swali: Mshale wa Land Rover yangu umetulia kabisa, lakini nazipita matatu hali spidometa yangu inaonyesha kasi ileile inayoonyeshwa na simu za madereva wake. Nimeweka magurudumu makubwa. Je, ni kebo? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Si kebo. Kebo mbovu huufanya mshale urukeruke au ulale, haiwezi kudanganya kwa utulivu. Gurudumu kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, basi spidometa husoma kasi ndogo kuliko ya kweli. Tazama tarakimu ndogo kwenye uso wa spidometa yako, iliyotengenezwa na kampuni ya Smiths: ni idadi ya mizunguko ya kebo kwa kila maili moja. Fungua kebo upande wa juu, lisukume gari mita 16 kwenye ardhi tambarare huku mtu akihesabu mizunguko ya waya, kisha uzidishe kwa 100. Tofauti na tarakimu ile ikiwa kubwa, mpelekee fundi wa spidometa hesabu hiyo pamoja na chombo chenyewe.