Kabla hujaacha kuandika, yaulize mashaka yako: "Ni wapi hasa?"

Mkuu, umesema una miaka miwili unaandika hadithi fupi, na kila ukimaliza moja unaisoma, unaichukia, unaifuta. Unauliza kama hiyo ni dalili kwamba huna kipaji. Mimi huu ni mwaka wa kumi na moja naandika, na hali hiyo naijua vizuri.

Kwanza, usifute. Nilifuta hadithi zangu za miaka mitatu ya mwanzo na najuta mpaka leo, maana sina pa kupimia nilikotoka. Na kuichukia kazi yako si jambo la wanaoanza tu: mwaka 1908 Claude Monet aliharibu picha zake zisizopungua 15 kabla ya maonyesho, na wakati huo alikuwa mchoraji mwenye jina kubwa. Kwa hiyo usisubiri siku mashaka yatakapoisha.

Kilichonisaidia ni kuacha kujiuliza "hii ni nzuri?" nikaanza kuuliza "ni wapi hasa panaponikera?" Nilichukua hadithi ya mwandishi ninayempenda nikainakili kwa mkono, neno kwa neno, mpaka nukta. Inachosha, lakini mkono hubaini mambo ambayo jicho liliyapita mbio. Niligundua kwamba yule bwana hataji hisia hata mara moja. Niliporudi kwenye hadithi yangu nikakuta: "Aliweka funguo mezani, akabaki amesimama na viatu miguuni. Alikuwa na huzuni kubwa moyoni." Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikinikera muda wote, nami nilidhani ni hadithi nzima! Niliikata. Baada ya hapo nikawa naziona za namna hiyo kila ukurasa.

Tangu hapo nina daftari: nikipenda sentensi naiandika, na chini yake sababu. "Naipenda" peke yake sikubali.

Mashaka bado yapo. Yakinionyesha mahali, kwa mfano kwamba mazungumzo ya wahusika ni marefu mno, nayasikiliza na kurekebisha. Yakisema tu "wewe si mwandishi," naendelea na sentensi inayofuata, kwa kuwa hapo hakuna cha kurekebisha.

Hiyo uliyonayo sasa iweke kando wiki tatu bila kuigusa, kisha isome kwa sauti ukiwa na kalamu. Ulimi unapokwama, weka alama. Ukitaka, bandika ukurasa mmoja hapa pamoja na alama zako, nitausoma.